Kamera ya Kuazima na Nyota ya Mkia

Weka kamera kwenye stendi usiku, iache wazi kwa sekunde thelathini, kisha kuza picha. Nyota si vitone tena. Ni vistari vifupi, kama wino uliopitiwa na kidole kabla haujakauka. Shida si kamera yako, bana. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kila saa, na kamera iliyosimama juu yake inabebwa pia.

Traka ya nyota, kile kimashine cha kilo moja hivi kinachokaa kati ya stendi na kamera, ina kazi moja tu: kuigeuza kamera upande wa pili kwa kasi ileile, mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Leo unaagiza mtandaoni, inakuja kwa boksi. Ila wazo lenyewe ni la kitambo, na sura yake moja muhimu ilitokea hapa Afrika, kwa kamera ya kuazima.

Mnamo 1824, fundi Mjerumani Joseph Fraunhofer alikamilisha darubini ya Dorpat, mji ambao sasa ni Tartu, Estonia. Aliifunga mtambo wa saa ulioifanya ifuate nyota yenyewe. Picha zilichelewa kidogo. Mwaka wa 1850, kule Harvard, William Bond na mpiga picha John Adams Whipple walinasa nyota Vega. Mwaka wa 1880, Henry Draper wa Marekani aliacha kamera wazi kwa dakika 51 akapata wingu la Orioni. Lakini hizo zote zilikuwa darubini kubwa, za watu wenye jengo na pesa.

Kisha Septemba 1882 ikatokea nyota ya mkia iliyong'aa hadi ikaonekana mchana, karibu na jua. David Gill, mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Cape, Afrika Kusini, alitaka picha yake. Uzoefu wa kutosha wa kupiga picha hakuwa nao. Basi akamwendea Allis, mpiga picha wa mtaa wa Mowbray, mtu aliyezoea sura za wateja. Wakaifunga kamera ya Allis juu ya darubini iliyokuwa ikifuata anga. Gill akatazama kwa darubini, akihakikisha kichwa cha ile nyota hakitoki mahali pake, huku kamera ikikusanya mwanga taratibu.

Vioo viliposafishwa, mkia ulikuwepo, mzuri ajabu. Kumbe nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa zaidi: nyota, nyingi mno, kila moja kitone safi. Hadi hapo ramani za anga zilichorwa kwa macho, nyota moja baada ya nyingine. Gill akaona kwamba kamera ingeweza kuzihesabu. Alipiga anga la kusini kipande kwa kipande, naye Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, akapima vioo hivyo kwa miaka mingi. Orodha yao ilifika nyota 454,875.

Sasa angalia walichofanya Gill na Allis: kamera ya kawaida, lenzi ya kawaida, juu ya kitu kinachogeuka na anga. Hiyo ndiyo traka. Kilichobaki kilikuwa kuipunguza hadi iingie kwenye mkoba. Mwaka wa 1975, Mskoti George Haig alieleza njia rahisi kabisa: mbao mbili, bawaba moja na skrubu moja. Unazungusha skrubu kwa mkono, ubao unafunguka polepole, kamera inafuata nyota. Hesabu yake haihitaji digrii. Ukiwa na skrubu yenye hatua ya milimita 1, iweke milimita 229 kutoka kwenye bawaba na uizungushe mara moja kwa dakika. Fundi yeyote wa Gikomba anaweza kukutengenezea.

Lakini maelekezo mengi ya traka yaliandikwa na watu wa kaskazini. Yanakuambia: lenga Nyota ya Kaskazini. Sawa, ukiwa London. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo haipandi ukaiona. Mhimili wa traka yako utalala karibu sambamba na ardhi, na vishikio vingine havishuki hadi huko. Hapa kwetu zana ni pimamaji na dira, ukikumbuka kwamba dira hufuata sumaku, si ncha halisi. Kwa lenzi pana ya milimita 24, ukikosea kwa nyuzi moja bado utapata dakika mbili safi.

Faida yetu nayo ni kubwa. Ukiwa Nanyuki, ncha zote mbili za anga zinagusa upeo wa macho, na katika mwaka mmoja karibu anga lote linakupitia: Kilimia upande mmoja, Salibu upande mwingine. Kinachopungua ni giza. Kila taa mpya inayomulika juu badala ya chini inafuta nyota kadhaa, na mtoto anayekulia Nairobi anaweza kufika utu uzima bila kuiona Njia Nyeupe. Huko Magadi na Chalbi bado ipo. Allis alikuwa na kamera ya kazi tu, na ilitosha. Yako pia huenda ikatosha, mradi uende kabla taa hazijafika.