Tela katika Barabara ya Zambia

Kilichofanya lori lenye tela lizoeleke katika barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia ni mgogoro wa kisiasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza, na mwezi uliofuata mafuta yaliyokuwa yakipitia huko kwenda Zambia yakakatwa. Zambia haina bahari, na uchumi wake ulitegemea shaba, hivyo ikalazimika kugeukia bandari ya Dar es Salaam. Bomba halikuwapo, wala reli ya kuunganisha nchi hizo mbili. Ilikuwapo barabara ya karibu kilomita 2,000 hadi Lusaka, ambayo kwa sehemu kubwa, ukishaipita Morogoro, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Magazeti ya Kiingereza yaliibatiza njia ya jehanamu.

Malori yalikwenda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, zikishirikiana na kampuni ya Italia, ziliunda kampuni ya uchukuzi ya Zambia Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakazoeleka kote njiani. Faida ya tela ilikuwa wazi: kwa injini moja na dereva mmoja, mzigo uliweza kukaribia maradufu. Ubaya wake ulionekana kwenye miteremko.

Tela la kuburuta lina ekseli zake za mbele na za nyuma, na hufungwa kwenye lori kwa mkono wa chuma unaoshikwa na pini. Hukunjika mahali pawili: kwenye pini, na pale ekseli ya mbele inapogeukia. Ndiyo maana kulirudisha nyuma ni kazi ngumu hata kwa dereva mzoefu. Pini hiyo ndiyo roho ya msafara wote. Kwenye barabara ya makorongo huchapwa kila gurudumu linapodumbukia, na tundu lake hulika polepole hadi pini ianze kucheza. Kwa hiyo palihitajika mnyororo wa akiba wa kulishikilia tela endapo pini ingekatika.

Kitonga, mkoani Iringa, ndipo hatari hizi zilipokuwa kali zaidi. Barabara hupanda ukingo wa mlima kwa kona kali, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Lori likizimika katikati ya mpando, utingo huruka chini na gogo mkononi kuliweka nyuma ya gurudumu kabla tela halijaanza kulivuta lori lirudi chini. Katika kushuka, hatari hubadilika. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, tela likalisukuma lori kutoka nyuma, na kwenye kona vyote viwili vikakunjana. Dawa yake inajulikana: kuingiza gia nzito kabla ya mteremko kuanza na kuiacha injini izuie mwendo. Wapo bado wanaoteremka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta, akiba ya kipumbavu kuliko zote barabarani.

Breki za upepo zilileta kinga nyingine. Mipira miwili hutoka kwenye lori kwenda kwenye tela: mmoja hupeleka upepo wa kujaza mtungi, mwingine hupeleka amri ya mguu wa dereva. Tela likichomoka na mpira wa kwanza ukakatika, breki zake hujifunga zenyewe. Kinga hiyo haifanyi kazi ikiwa fundi ameziba mpira uliopasuka ili safari isikwame.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikaenea miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Wengi walitarajia malori yapungue. Hata hivyo, barabara iliendelea na kazi, na lami, pamoja na raha yake, iliongeza mwendo na hivyo uzito wa kila kosa.

Baadaye semitela lilishika nafasi kubwa. Hilo halina ekseli za mbele. Kichwa cha lori hubeba sehemu ya uzito wake juu ya bamba pana lililopakwa grisi. Wakati wa kufunga, dereva hurudi nyuma taratibu hadi taya za bamba zibane pini ya tela. Akiwa amefunga breki za tela, huvuta kidogo kwenda mbele kujaribu. Kisha utingo huinama na tochi kuona kama taya zimeishika pini kweli, maana mlio wa kubana peke yake unaweza kudanganya. Mipira na waya za taa huunganishwa, na miguu ya tela hupandishwa mwisho. Ikipandishwa kabla ya ukaguzi, kichwa kinaweza kuchomoka na tela likaangukia pua.

Upakiaji nao ni sehemu ya ufungaji. Mzigo ukirundikwa nyuma, kichwa hupungukiwa na uzito na magurudumu yake hushika barabara vibaya. Ukisongwa mbele, ekseli za kichwa huzidiwa. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote, na kwa kundi la ekseli tatu tani 24. Kwa hiyo kwenye mizani, kama ile ya Vigwaza, lori lisilozidi uzito wa jumla linaweza bado kukutwa na kosa kwa sababu tu mzigo umewekwa mahali pasipofaa.