Neno la siri la kompyuta likisahauliwa au kubadilishwa

Kompyuta ya wakala wa forodha hubeba ankara, orodha za mizigo, vyeti vya uasili wa bidhaa na barua za wateja. Karani akiondoka bila kuacha neno la siri, au mwenye kompyuta akilisahau, lori linaweza kukwama mpakani kwa sababu ya kompyuta iliyo mezani. Mara nyingi nyaraka hazijapotea. Hupotea pale fundi anapoambiwa afute kila kitu kabla ya kujulikana ni kufuli gani lililofungwa.

Mzigo usisubiri kompyuta

Neno la siri la kompyuta si lile la mfumo wa forodha. Mfumo wa ASYCUDA, uliotengenezwa na UNCTAD na unaotumika katika nchi kama Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia, huhifadhi matamko ya forodha kwenye seva za mamlaka husika. Wakala aliyesajiliwa anaweza kuendelea na kazi kwa kompyuta nyingine iliyoandaliwa kwa mfumo huo. Nyaraka zilizotumwa kwa barua pepe nazo hupatikana kwa simu.

Kibodi ichunguzwe kwanza

Neno sahihi hukataliwa kama kitufe cha Caps Lock kimewashwa. Kompyuta zilizotumika Burundi, Kongo, Ubelgiji au Ufaransa huweza kuwa na mpangilio wa AZERTY, ambao A hukaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na tarakimu za safu ya juu huhitaji Shift. Lugha ya kibodi huonyeshwa pembeni chini ya skrini ya kuingilia, na hubadilishwa hapo hapo.

Aina ya akaunti

Katika Windows, njia ya kurudi hutegemea akaunti:

1. Akaunti ya Microsoft, yaani inayotumia barua pepe. Neno jipya huwekwa kwenye tovuti ya Microsoft kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Msimbo wa uhakiki hutumwa kwa simu au barua pepe iliyosajiliwa. Laini hiyo ikiwa ya nchi jirani na imezimwa, msimbo haufiki. Kisha kompyuta iliyofungwa iunganishwe na intaneti ili ilitambue neno jipya.

2. Akaunti ya ndani ya kompyuta. Tangu 2018, Windows 10, na baadaye Windows 11, huuliza maswali matatu ya usalama endapo yaliandaliwa mapema. Mtu mwingine mwenye akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo anaweza pia kuweka neno jipya, ingawa maneno ya siri yaliyohifadhiwa na mtumiaji wa kwanza huweza kupotea.

3. Akaunti ya mtandao wa ofisi. Hii kwa kawaida hufunguliwa na msimamizi wa mtandao.

Diski iliyofungwa

Neno la siri la Windows hulinda mlango tu. Kama diski haikufungwa kwa usimbaji, fundi anaweza kuitoa, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili faili zote. Mwizi naye anaweza kufanya hivyo.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki hivyo. Huhitaji ufunguo wa tarakimu 48, na Microsoft haiwezi kuutengeneza upya ukipotea. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujifunga zenyewe na kupeleka ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeziandaa mara ya kwanza. Kama aliyeandaa ni karani aliyekwisha kuondoka, ufunguo wa ofisi uko kwake.

Tahadhari

Kuweka Windows upya kufanyike mwisho, baada ya faili kunakiliwa au kuthibitishwa kuwa zipo kwingine. Programu za bure zinazodai kufungua kompyuta yoyote zinaweza kubeba virusi. Fundi aonyeshwe uthibitisho wa umiliki, kwa maana kuingia kwenye kompyuta ya mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018.

Kabla hayajatokea

Kompyuta ya biashara iandaliwe kwa barua pepe ya biashara, si ya mfanyakazi. Iwe na akaunti ya pili ya msimamizi, ambayo neno lake la siri liko kwa mwenye ofisi. Ufunguo wa BitLocker uchapishwe na kufungiwa kabatini, na nakala za nyaraka ziwekwe kwenye diski ya nje. Karani anapoaga, makabidhiano ya akaunti yafanyike siku ile ile anaporudisha funguo za mlango.