Barua pepe hurudi kwa sababu: ahadi iliyoandikwa mwaka 1982

Mwombaji kazi akikosea herufi moja tu ya anwani ya ofisi, huenda dakika isiishe kabla barua yake haijamrudia. Taarifa huja kwa jina la Mail Delivery Subsystem, au MAILER-DAEMON kwa mifumo mingine, na katikati ya maelezo marefu kuna namba: 550 5.1.1. Wengi wakiona jina hilo geni hudhani ni matapeli, wakafuta. Kumbe wamefuta jibu lenyewe.

Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET mwaka 1971, huko Cambridge, Massachusetts. Msingi wa kanuni zinazotumika hadi leo ulikuja baadaye. Agosti 1982, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa waraka uitwao RFC 821, na ndani yake mna sharti zito: seva ikishakubali kupokea barua, imebeba dhamana. Ama iifikishe, ama imwarifu aliyeituma kwamba imeshindikana.

Utaratibu wenyewe ni wa hodi na majibu. Seva inayotuma hujitambulisha, hutaja mtumaji, kisha humtaja mpokeaji, yote kabla ya kutoa hata neno moja la barua. Kila hatua hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, mambo ni sawa. Ikianza na 4, kuna kikwazo cha muda, kwa mfano diski ya seva imejaa, na mtumaji atajaribu tena. Ikianza na 5, shauri limekwisha. Kwa hiyo barua inaweza kutumwa Jumatatu ikarudi Ijumaa: seva ilikuwa ikiendelea kubisha hodi, kwa kuwa kanuni za Postel, zilivyoandikwa upya mwaka 2008, zinaitaka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Na taarifa ya kushindwa nayo ikishindwa kufika? Hapo seva mbili zingeweza kurushiana taarifa bila mwisho. Postel alilitazama hilo mapema, akapendekeza taarifa ya aina hiyo isafiri na nafasi ya mtumaji ikiwa tupu, ili pasiwe na wa kurudishiwa. Ni wazo dogo, lakini limelinda mtandao kwa zaidi ya miaka 40.

Zile namba zenye nukta ziliongezwa Januari 1996. 5.1.1 ni sanduku lisilokuwepo, 5.2.2 ni sanduku lililojaa, 5.7.1 ni barua iliyokataliwa kwa sababu za usalama au sera.

Pengo moja lilibaki: RFC 821 haikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ni yeye kweli. Agosti 2003 kirusi Sobig.F kilisambaa kwa kughushi anwani za watu, na taarifa za kurudishwa zikawamiminikia wasiotuma chochote. Wasimamizi wa seva wakazidi kuona umuhimu wa kukatalia barua mlangoni, badala ya kuipokea kwanza na kuirudisha baadaye. Zikafuata njia za kuthibitisha mtumaji: SPF mwaka 2006, DKIM mwaka 2007 na DMARC mwaka 2012. Februari 2024 Google na Yahoo wakakaza kamba zaidi, hasa kwa wanaotuma barua kwa wingi, ambao kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku. Gmail ikirudisha barua kwa namba 5.7.26, mpokeaji hana kosa. Mara nyingi mwenye kikoa cha mtumaji ndiye hajakamilisha uthibitisho huo.

Lililo baya zaidi ni barua isiyorudi wala kusomwa. Kanuni za 2008 zinaruhusu kuitupa barua kimyakimya pale tu penye uhakika mkubwa kwamba ni ya ulaghai au haifai kabisa. Hata hivyo barua nyingi halali huishia kwenye folda ya barua taka, huku seva ya mtumaji ikiwa imejibiwa 250, yaani imepokelewa. Aliyeandika anaendelea kusubiri, na ahadi ya Postel haimfikii.

Anayerudishiwa ana pa kuanzia. Kwa 5.1.1 aikague anwani herufi kwa herufi; kwa 5.2.2 amtafute mpokeaji kwa simu; kwa zinazoanza na 5.7 ampelekee fundi taarifa nzima, pamoja na ile mistari ya chini inayoonekana haina maana, kwa sababu humo ndimo seva iliyokataa hutajwa kwa jina.