Mpini wa bomba na hesabu ya Archimedes

Mwaka jana mpini wa bomba la zoni yetu ulivunjika. Fundi akauchomelea, ila ukatoka mfupi, karibu nusu. Kisima ni kile kile, lakini bibi zetu wakaanza kushindwa kupampu, na wadogo zetu wakawa wananing'inia wawili wawili ndiyo ushuke. Watu wakasema maji yameisha. Sisi tukafungua daftari za fizikia.

Nguvu ya kuzungusha kitu huitwa momenti: kani mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Wamisri walivuta maji ya Nile kwa shadufu, mti mrefu wenye uzito upande mmoja, karne nyingi kabla hesabu hiyo haijaandikwa. Archimedes wa Syracuse, karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye aliyeithibitisha: mzigo mzito ukiwa karibu na egemeo husawazishwa na mwepesi ulio mbali.

Bomba letu lenyewe, India Mark II, lilitengenezwa India miaka ya 1970 kwa ushirikiano na UNICEF. Kabla yake vijiji vilipewa pampu za aina iliyotumiwa na familia moja moja Ulaya na Marekani, sasa zikabebeshwa kijiji kizima kutwa nzima. Zilivunjika ovyo. Mafundi wakaweka mpini mrefu wa chuma, beringi kwenye egemeo, na mnyororo unaopita juu ya kichwa cha duara. Hicho kichwa ndicho tulichokipenda zaidi: mpini ukipanda au ukishuka, umbali wa mnyororo kutoka kwenye egemeo haubadiliki, na fimbo inavutwa wima.

Upande wa mkono ni kama mara 8 ya upande wa mnyororo. Tuseme fimbo na maji vinavuta kilo 40: unabonyeza kwa kilo 5. Kata mpini nusu, zinakuwa 10, kila mbonyezo, mpaka dumu la lita 20 lijae. Tena ule mpini ni mzito kwa makusudi, uzito wake husaidia kuinua fimbo. Ukiukata, msaada huo nao unapungua.

Wahudumu mnaotusoma, mkileta mpini mpya pimeni urefu, msiangalie unene tu. Wa kwetu bado ni mfupi, na foleni inaanza saa 10 alfajiri.