Kikomo cha Mshahara Katika Kandanda

Hadi mwaka 1961 mchezaji kandanda wa Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya paundi 20 kwa juma. Kikomo kilipofutwa, Johnny Haynes wa Fulham akapewa 100. Kampala haikuhitaji amri ya namna hiyo. KCC ya Lugogo, jirani na Bukoto, ilizaliwa mwaka 1963 miongoni mwa wafanyakazi wa maji machafu wa Baraza la Jiji. Simba, iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 ikashindwa na Hafia ya Guinea, ilikuwa ya jeshi. Askari hulipwa kwa cheo, si kwa mabao. Basi kijana wa Bukoto aliyetakiwa na timu hizo alipima kazi, si bei ya miguu yake. Tofauti ilidhihirika siku ya kuhama: mfanyakazi wa Jiji aliandika barua ya kuacha kazi, askari, hata awe mfungaji hodari namna gani, alingoja ruhusa ya wakuu wake.