Rahisi ni Bei ama ni Kazi?

Leo tuchambue neno moja tunalolitumia kila siku: rahisi. Mtihani rahisi, simu rahisi, maisha rahisi. Mwingereza ana simple, ana easy, halafu ana cheap. Sisi neno moja linabeba mzigo wote. Mbona?

Jibu liko sokoni. Rahisi limetoka kwa Kiarabu, rakhis, yaani kitu cha bei ya chini. Mzizi wake ndio uliotuletea pia ruhusa. Lilikuja na biashara ya Pwani, na katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilikuwa inapiga kambi hadi Mumias, jirani tu na Bungoma. Kwa kitu kisicho kigumu Kiswahili kilikuwa na neno lake la Kibantu, -epesi: kazi nyepesi, swali jepesi. Lakini rahisi likaingia hadi huko. Naona mantiki yake ni hii: kama hakikugharimu pesa nyingi, basi hakikugharimu jasho pia.

Hapo ndipo nakataa.

Angalia Kitale. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi wa Kizungu walipewa mashamba Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Nani alilima hayo mashamba? Waafrika, wengi wakisukumwa na kodi ya serikali kutafuta mshahara, tena mshahara mdogo. Kwa mwajiri, kibarua alikuwa rahisi. Kwa kibarua mwenyewe, kazi haikuwa nyepesi hata siku moja.

Na bado tunaongea hivyo. Mimi ni mtu wa Bungoma. Mahindi yakishavunwa yote kwa wakati mmoja, bei inaanguka, na msee wa Nairobi anafurahi: "Unga umekuwa rahisi!" Sawa, ana haki ya kula. Lakini huku gunia la kilo 90 limepita kwa mbolea, palizi, kuvuna, kupukuchua na kuanika, na Januari fees inangoja. Ukiliita rahisi, ni kama hiyo kazi yote haikufanyika.

Sisemi tutupe neno. Nasema tulitenganishe. Ukimaanisha pesa, sema bei iko chini. Ukimaanisha kazi, sema nyepesi, na uulize kwanza aliyeifanya.

Kwenu, kwa lugha ya mama, hizi mbili zina neno moja ama mawili? Niambieni.