Ngano za kale katika vitabu vya picha vya kifeministi

Hili ni tawi la fasihi ambamo waandishi na wachoraji husimulia upya ngano na visasili, ili mwanamke awe mtendaji na si zawadi anayokabidhiwa shujaa mwishoni. Lilichipuka Marekani na Ulaya Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1970, sambamba na vuguvugu la ukombozi wa wanawake.

Picha zina uzito wa pekee hapa. Anayeitikia “pakawa” hujichorea mwenyewe sura ya binti mfalme kichwani. Anayefungua kitabu humkuta ameshachorwa. Charles Perrault alichapisha ngano zake mwaka 1697, na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm wakatoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812. Lakini sura zilizokaa akilini mwa watu wengi zilikuja baadaye, kwa mikono ya wachoraji kama Gustave Doré, aliyezichora ngano za Perrault mwaka 1862, na kwa filamu za Walt Disney kuanzia mwaka 1937. Kwa hiyo anayebadilisha maneno na kuiacha picha ya zamani amefanya nusu ya kazi.

Mwaka 1970 mwandishi Mmarekani Alison Lurie alitoa makala akidai kwamba ngano zimejaa wanawake hodari. Marcia Lieberman alimjibu mwaka 1972: ngano wanazozijua watoto wengi ni zile chache ambamo msichana mzuri, mpole na asiyefanya lolote ndiye hupata mume na utajiri. Wote wawili walikuwa na hoja, na kila hoja ilipata vitabu vyake. Waliofuata njia ya Lurie walichimbua hadithi zilizosahaulika. Ethel Johnston Phelps, katika Tatterhood and Other Tales (1978), alimrudishia heshima binti wa ngano ya Kinorwe apandaye mbuzi na kushika mwiko mkononi, ambaye huwafuata maadui wa kichawi ili kurudisha kichwa cha dada yake walichokiiba. Wengine waliona heri kuandika upya. Katika mkusanyiko wa Free to Be... You and Me, Betty Miles alimsimulia upya Atalanta, mkimbiaji wa visasili vya Kigiriki. Zamani Atalanta alishindwa mbio kwa hila ya matofaa ya dhahabu na kuolewa. Kwa Miles anafika mwisho wa mbio sawia na kijana anayeshindana naye, wanakuwa marafiki, kisha kila mmoja anashika safari yake.

Kitabu kilichosomwa kuliko vingi vya aina hii ni The Paper Bag Princess (1980) cha Robert Munsch, kilichochorwa na Michael Martchenko na kuchapishwa Toronto, Kanada. Munsch alikuwa akiwasimulia watoto wa chekechea hadithi za majoka na wanawafalme waokoaji, hadi mkewe alipomuuliza kwa nini binti mfalme asiwe yeye anayeokoa. Katika kitabu, joka linateketeza kasri na nguo zote za Elizabeth, kisha linamchukua mchumba wake Ronald. Elizabeth anavaa mfuko wa karatasi, anafuata njia ya misitu iliyoungua, na kulisifia joka nguvu zake mpaka linajichosha na kulala fofofo. Ronald, badala ya kushukuru, anamlaumu kwa uchafu wake. Ndoa inavunjika hapo hapo. Martchenko hakumpamba: masizi usoni, nywele timtim, mfuko uliokunjamana. Uchafu huo ndio ushahidi wa kazi aliyoifanya, na bila mchoro tusingeuamini.

Hata hivyo mtafiti wa Australia Bronwyn Davies aliwasomea watoto wadogo kitabu hiki na vingine vya aina yake, akachapisha matokeo mwaka 1989 katika Frogs and Snails and Feminist Tales. Wengi hawakumwona Elizabeth kuwa shujaa. Waliona angepaswa kuoga kwanza, kisha aolewe. Mvulana mmoja alimsifu Ronald kwa kuishikilia raketi yake ya tenisi kwa nguvu alipokuwa akibebwa angani na joka. Utafiti huu ungestahili kujulikana zaidi kuliko ulivyo, kwani unaonyesha kwamba mtoto huja kwenye kitabu na ngano nyingine nyingi tayari kichwani, na huisoma mpya kwa macho ya zile za kale.

Babette Cole wa Uingereza alichagua dhihaka. Katika Princess Smartypants (1986), binti mfalme asiyetaka kuolewa anawapa wachumba kazi zisizowezekana, na yule anayefaulu binti huyo anambusu na kumgeuza chura. Inachekesha kwelikweli, ila mizani ya zamani haijavunjwa: lazima mmoja ashindwe ili mwingine ashinde.

Rebecca Solnit alikwenda mbali zaidi katika Cinderella Liberator (2019). Alitumia picha za kivuli ambazo Arthur Rackham alizichora kwa ajili ya toleo la Cinderella la mwaka 1919. Weusi mtupu wa picha hizo hauonyeshi rangi ya ngozi, hivyo msichana yeyote anaweza kujiona ndani yake. Kwa Solnit hakuna harusi. Cinderella anafungua duka la keki, mwanamfalme anajifunza kulima, na dada wa kambo hawaadhibiwi: mmoja anasuka watu nywele, mwingine anashona nguo.